Sampuli ya jicho inavyofichua chanzo cha uvimbe

MTU anapoanza kuona ukungu na vijidoa vyeusi vikielea mbele yake, huku mwangaza ukimuumiza, huenda akadhani ni maradhi ya kawaida yatakayopona kwa dawa ya matone ya dukani. Hata hivyo, dalili hizo zaweza kuwa za uvimbe wa ndani ya jicho, ambao wataalamu huuita yuveitisi. Usipotibiwa ipasavyo, huweza kuleta upofu.

Uvimbe huu hushika tabaka la kati la jicho, lenye mishipa mingi ya damu, na huweza kuenea hadi kwenye retina na ule ute mzito unaojaza jicho nyuma ya lenzi.

Vyanzo vyake ni vingi. Kuna maambukizi kama vile kifua kikuu, kaswende, virusi vya hepesi na kimelea cha toksoplasma. Kwa wagonjwa wengine, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Kwa wachache, hasa wenye umri mkubwa, kinachodhaniwa kuwa uvimbe huwa ni saratani aina ya limfoma.

Kutenganisha vyanzo hivyo ni muhimu kwa sababu tiba ya kimoja yaweza kuwa madhara kwa kingine. Dawa za steroidi hutuliza uvimbe unaotokana na kinga ya mwili. Lakini mwenye maambukizi akipewa dawa hizo pekee, viini hupata nafasi ya kuiharibu retina. Mwenye limfoma naye huweza kupata nafuu ya muda tu, ilhali saratani inaendelea na huenda ikafika kwenye ubongo.

Wagonjwa wengi hutambuliwa kwa kuchunguzwa macho, kupimwa damu na kupigwa picha ya kifua. Upasuaji wa kuchukua sampuli, yaani biopsi, hufikiriwa iwapo vipimo hivyo havikutoa jibu, dawa hazifanyi kazi, au saratani inashukiwa.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kutumia sindano nyembamba kufyonza tone dogo la maji yaliyo sehemu ya mbele ya jicho. Jicho hutiwa ganzi kwanza.

Ya pili ni kukata na kufyonza sehemu ya ule ute wa nyuma, kupitia matundu madogo yanayotobolewa kwenye weupe wa jicho. Upasuaji wa aina hii ulianzishwa na daktari Robert Machemer huko Miami, Marekani, mwaka wa 1970. Ya tatu, ambayo hufanywa kwa nadra, ni kukata kipande kidogo cha retina na tabaka lililo chini yake.

Katika maabara, seli hutazamwa kwa hadubini, viini huoteshwa, na kipimo cha PCR husaka chembechembe za urithi za virusi, bakteria au vimelea. Sampuli huwa ndogo na seli zake huharibika upesi, hivyo maabara hustahili kuarifiwa kabla ya upasuaji.

Mgonjwa naye ana wajibu wa kumweleza daktari dawa zote alizotumia. Steroidi huweza kuziua au kuzificha seli za limfoma, na ndiyo sababu madaktari huweza kuzisimamisha kabla ya biopsi. Hata hivyo, mgonjwa hafai kuziacha ghafla bila ushauri.

Upasuaji huu hauna hakika kamili. Unaweza kusababisha kuvuja damu, maambukizi, mtoto wa jicho au retina kubanduka. Aidha, sampuli isiyoonyesha saratani haimaanishi kwamba haipo, na wakati mwingine hulazimu kuchukuliwa nyingine.

Licha ya hayo, kwa mgonjwa ambaye uwezo wake wa kuona unazidi kufifia huku akibadilishiwa dawa bila nafuu, sampuli hiyo huenda ikawa ndiyo njia ya kupata tiba inayofaa kabla jicho halijaharibika kabisa.