Nani Kasema, Naye Kasikia kwa Nani? Funzo la Kiwanda cha Al-Shifa

Ndugu wasomaji, asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu mawili yalilipuka kwa kupishana dakika chache katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi watu 213 walipoteza maisha, na Dar es Salaam watu 11, wengi wao wakiwa ni wananchi wa nchi zetu waliokuwa wakitafuta riziki zao. Msiba huo haujasahaulika. Lakini yaliyofuata siku 13 baadaye katika mji wa Khartoum yamesahauliwa na wengi, nayo ndiyo tunayokusudia kuyazungumza leo, kwani ndani yake mna funzo juu ya habari zinazotoka kwa majasusi na kutufikia kupitia magazeti, redio na televisheni.

Jioni ya tarehe 20 Agosti, 1998, makombora ya Marekani yalikibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, kilichokuwa Khartoum Kaskazini. Mlinzi mmoja aliuawa. Wakati huohuo makombora mengine yalipiga kambi nchini Afghanistan. Serikali ya Rais Bill Clinton ilitangaza kwamba kiwanda kile kilihusika na silaha za sumu, na kwamba kilikuwa na mafungamano na Osama bin Laden, aliyetuhumiwa kupanga mashambulizi ya balozi. Ushahidi mkubwa ulikuwa ni udongo uliochukuliwa kwa siri karibu na kiwanda hicho. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilisema kuwa udongo huo ulikutwa na kemikali iitwayo EMPTA, ambayo hutumika katika kutengeneza gesi ya sumu ya VX.

Sasa tuitazame hali ya Washington katika wiki ile. Tarehe 17 Agosti Rais Clinton alihojiwa chini ya kiapo kuhusu kashfa ya Monica Lewinsky, na usiku wake akakiri mbele ya taifa kwamba alikuwa na uhusiano usiofaa na binti huyo, baada ya kukanusha kwa karibu miezi saba. Siku tatu baadaye makombora yakarushwa. Ikasadifu pia kwamba mwishoni mwa mwaka 1997 ilikuwa imetoka filamu ya Marekani iitwayo Wag the Dog, inayosimulia wasaidizi wa rais wanaobuni vita ya uongo ili kufunika kashfa ya bwana wao. Kwa hiyo, kabla moshi haujatulia Khartoum, watu wengi duniani walikwisha kuhukumu: Rais amepiga kiwanda ili magazeti yabadili mazungumzo.

Tafakari uzito wa jambo hili. Kiongozi aliyekutwa hakusema kweli katika jambo la aibu yake mwenyewe, anasimama kutaka asadikiwe katika jambo la kumwaga damu. Na anapoulizwa ushahidi, serikali yake inajibu: tunao, lakini ni siri.

Je, siri ile ilisimama ilipochunguzwa? Maofisa walisema mwanzoni kwamba hawakujua kuwa kiwanda kile kinatengeneza dawa za kuuzwa. Waandishi waliofika kwenye kifusi walizikuta chupa na vidonge, na ikadhihirika kuwa Al-Shifa kilikuwa kikitengeneza dawa za binadamu na za mifugo, zikiwemo za malaria. Sudan iliomba Umoja wa Mataifa utume wachunguzi, Marekani haikukubali. Serikali hiyo ilizuia fedha za mmiliki wa kiwanda, takriban dola milioni 24, lakini alipokwenda mahakamani, Mei 1999 ilimwachia fedha zake badala ya kuuweka ushahidi wake mbele ya hakimu. Oktoba mwaka huohuo gazeti la New York Times lilieleza kuwa ndani ya serikali yenyewe walikuwemo wachambuzi waliokuwa na mashaka na ushahidi ule. Madai ya fidia ya mmiliki nayo yalifika mahakama ya rufaa ya Washington, ambayo mwaka 2010 iliamua kwamba hilo ni suala la kisiasa, lisilo la mahakama kulipima.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuupime na upande wa pili kwa mizani ileile. Wale waliosema kwamba Rais alipiga kwa ajili ya kuficha kashfa, wao walikuwa na ushahidi gani? Walikuwa na tarehe zilizokaribiana, na filamu. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilitoa ripoti yake mwaka 2004. Iliwahoji washauri wa Rais, nao wakasema kuwa walimshauri kwa kuangalia usalama wa taifa tu. Tume haikuona sababu ya kuyatilia shaka maneno yao. Tume hiyohiyo ilieleza kwamba hakuna ushahidi huru uliojitokeza kuthibitisha madai ya CIA kuhusu kiwanda. Kwa hiyo madai ya majasusi hayakuthibiti, na uvumi wa mitaani haukuthibiti. Waliousadiki upande wowote kikamilifu walisadiki kwa kufuata mapenzi ya nyoyo zao.

Na hasara ya kupotea kwa uaminifu haikuishia hapo. Ripoti hiyo inaeleza kuwa udhaifu wa ushahidi wa Al-Shifa, pamoja na maneno ya filamu ile na uhasama wa vyama, huenda vilichangia kuwafanya viongozi wasite baadaye walipofikiria kutumia nguvu dhidi ya Bin Laden. Tunafahamu kilichotokea mwaka 2001. Hivyo ndivyo anayepoteza amana anavyoikuta imepotea hata siku atakapokuwa na la kweli la kusema.

Wanazuoni wetu wa hadithi walilikabili tatizo hili karne nyingi zilizopita. Hawakuikubali habari kwa uzuri wa maneno yake wala kwa heshima ya aliyeileta. Waliuliza isnadi: nani kasema, naye kasikia kwa nani, na je, walikutana? Mpokezi asiyejulikana aliidhoofisha habari, na aliyethibitika kuwa muongo aliiangusha. Tena walitambua kwamba njia kumi zikirudi zote kwa mtu mmoja, asili yake ni mtu mmoja.

Tuipeleke kanuni hiyo kwenye vita ya Iraq. Tarehe 8 Septemba, 2002, New York Times liliandika katika ukurasa wa mbele, likiwategemea maofisa wa serikali, kwamba Iraq inatafuta mabomba ya alumini kwa ajili ya silaha za nyuklia. Asubuhi hiyohiyo Makamu wa Rais, Dick Cheney, alikwenda kwenye televisheni na kuitaja habari ile ya gazeti. Msikilizaji alidhani amesikia mashahidi wawili, serikali na gazeti, kumbe ni serikali iliyojisikiliza kupitia gazeti.

Tarehe 5 Februari, 2003, Waziri wa Mambo ya Nje, Colin Powell, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Iraq ina maabara za silaha za vijidudu zinazotembea juu ya magari, na akataja watoa habari wanne. Mkuu wao, aliyepewa jina la siri la Curveball, alikuwa mhandisi wa Iraq aliyekimbilia Ujerumani; CIA haikupata nafasi ya kumhoji yenyewe kabla ya vita, na mwaka 2011 alikiri hadharani kuwa alidanganya. Mwingine alikuwa ameshatolewa ilani na idara ya ujasusi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Mei 2002, kuwa ni mzushi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya hadithi angeisimamisha isnadi ile. Vita ilianza Machi 2003, na mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani wenyewe waliripoti kwamba akiba ya silaha hizo haikuwepo.

Tusiwanyime haki waandishi. Walikuwemo waliouliza mapema, kama Jonathan Landay na Warren Strobel wa shirika la Knight Ridder, walioandika kabla ya vita kwamba ndani ya idara za ujasusi kwenyewe mlikuwa na mashaka, wachache waliwasikiliza. Na tarehe 26 Mei, 2004, New York Times liliwaeleza wasomaji wake kwamba baadhi ya habari zake kuhusu Iraq hazikupimwa kwa ukali uliostahiki. Chombo kinachokiri na kueleza kilipokosea kinastahiki kusikilizwa tena kuliko kile kisichokosea kamwe kwa madai yake.

Ndugu wasomaji, Suratul Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, na amri hiyo haikuwahusu wafalme peke yao. Leo simu moja nyumbani huleta habari nyingi kabla ya adhuhuri: fulani ni jasusi, fulani amehongwa, msiba fulani umepangwa na serikali. Mzazi anayemjibu mwanawe, "Wote waongo," amemfunza uvivu sawasawa na yule anayemwambia, "Imeandikwa gazetini, basi ni kweli." Tuwazoeze watoto wetu kuuliza: nani kasema, amejuaje, na je, yupo mwingine aliyejua kwa njia yake mwenyewe? Habari ikikosa majibu hayo, iachwe hapo ilipofika, isivuke kwetu kwenda kwa jirani. Mlinzi wa Al-Shifa hakuwa na nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo.

Wabillahi tawfiq.