Andazi la Ngano na Kabalagala ya Muhogo

Namboboto, katika eneobunge la Funyula kusini mwa mji wa Busia, chai ya asubuhi ikikosa kitu cha kutafuna huonekana pungufu. Mara nyingi kitu hicho ni andazi. Lakini Uganda iko jirani kabisa, na Wasamia wana jamaa pande zote mbili za mpaka, kama walivyo Wateso wa Malaba na Tororo. Ndiyo maana ukanda huu unajua vilevile kabalagala, kitafunio cha Uganda cha ndizi mbivu na unga wa muhogo. Vyote viwili ni laini na vitamu, na vyote hupikwa nyumbani kwa jiko la makaa na karai tu. Ila kila kimoja hupata ulaini wake kwa njia yake, na anayepika kabalagala kama andazi, au andazi kama kabalagala, hupoteza unga bure.

Wengi wakitaka andazi laini huongeza sukari au hamira. Sukari ikizidi huilemea hamira isiumue vizuri, kisha andazi likiingia kwenye mafuta huiva rangi haraka nje huku ndani likiwa bichi. Siri iko kwenye maji na mikono. Protini za ngano zikilowa na kukandwa hushikana zikawa nyuzi zinazovutika, yaani gluteni, na hewa inayotolewa na hamira hunaswa humo. Donge likiwa kavu, nyuzi hukaza na hewa haipati nafasi ya kulitanua.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari kinatosha, pamoja na vijiko viwili vya chai vya hamira, chumvi kidogo, iliki iliyotwangwa na vijiko viwili vya chakula vya siagi. Pwani wangetia tui la nazi. Huku maziwa ya uvuguvugu yanafaa, yakimiminwa kidogo kidogo. Mwanzoni donge litanata vidoleni. Hapa ndipo mandazi mengi huharibikia, kwa sababu mpishi hukimbilia kunyunyiza unga zaidi. Avumilie, akande dakika 10 hivi, na donge lenyewe litaacha kunata. Lifunikwe mpaka liumuke mara mbili, lisukumwe, likatwe, kisha vipande vipumzike tena kidogo kabla ya kukaangwa.

Mafuta hupimwa kwa kijipande cha donge. Kikikaa chini ya karai, bado hayajapata moto, na andazi litayanywa. Kikiibuka mara moja kikizungukwa na povu, ni tayari, karibu nyuzijoto 175. Mpishi akilimwagia andazi mafuta hayo juu kwa kijiko, mvuke ulio ndani hulisukuma likafura mbele ya macho yake.

Kabalagala haina gluteni hata chembe, kwa hiyo kuikanda muda mrefu hakusaidii. Ulaini wake wote umo ndani ya ndizi. Zinatakiwa zile ndogo tamu, zilizoiva hadi ganda likaingia madoa meusi. Zikishapondwa pasibaki mabonge, vikombe viwili vya rojo hilo huanza na vikombe viwili vya unga wa muhogo, na unga huongezwa taratibu mpaka donge lishikane. Maji hayatiwi kabisa, wala sukari haihitajiki. Donge husukumwa unene wa nusu sentimita, hukatwa kwa mdomo wa glasi, kisha hukaangwa kwa moto wa wastani, kwa kuwa sukari ya ndizi huungua upesi.

Unga nao una mambo yake. Ule wa muhogo uliovundikwa, unaosagwa pamoja na mtama kwa ajili ya ugali, una ukali unaofunika utamu wa ndizi. Bora muhogo mtamu uliomenywa, ukakatwa na kukaushwa vizuri juani. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sumu ya sianidi, na usipoandaliwa ipasavyo ni hatari. Haufai kufanyiwa haraka kwa sababu ya kitafunio.

Kabalagala inastahili heshima zaidi upande huu wa Kenya. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini hutoka ng'ambo, na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga ilipanda hadi kwenye vibanda vya vijijini. Muhogo, kinyume chake, ni zao la Busia lenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato ulivuka kutoka Uganda na kuangamiza mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, lakini mbegu zinazostahimili ugonjwa huo, kama Migyera iliyotoka Uganda hiyohiyo, zilisaidia kulirudisha zao hilo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Alupe, kati ya Busia na Malaba, kimehusika sana na kazi ya muhogo. Kwa nyumba yenye muhogo shambani na mkungu wa ndizi unaoiva wote kwa mpigo, cha kununua dukani ni mafuta ya kukaangia tu.