Kugundua si kuelezea: mnyoo aliyebeba jina la Kenya

Vyombo vyetu vya habari hupenda kuripoti kwamba wataalamu "wamegundua spishi mpya." Kauli hiyo ina walakini. Kiumbe mwenyewe si mpya. Amekuwapo miaka na mikaka. Kilicho kipya ni maelezo yake. Kuelezea spishi ni kazi mahususi: kumpima kiumbe na kumchora, kumlinganisha na jamaa zake, kuteua kielelezo cha kuhifadhiwa, kisha kuchapisha jina.

Tuchukue nematodi, minyoo wa matope ya bahari ambao aghalabu hawaonekani vizuri bila darubini. Mnamo 1992 meli ya utafiti ya Uholanzi, Tyro, ilifanya kazi katika pwani ya Kenya. Mwaka wa 1997, mtaalamu Mkenya Agnes Muthumbi, pamoja na Soetaert na Vincx, walichapisha maelezo ya nematodi wa kina kirefu cha Bahari ya Hindi. Mmoja wao ni Kenyanema monorchis. Nema ni neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, basi jenasi hii ni "uzi wa Kenya." Monorchis ni "mwenye korodani moja." Jina lenyewe, basi, ni maelezo mafupi.

Wauzaji wa mitumba katika Soko la Toi, Kibera, wanaielewa kazi hii. Bale ikifunguliwa, nguo bora huitwa kamera, masalio huitwa fagia. Bila majina hayo, bei itapangwaje? Lakini nilipomsimulia fundi mmoja wa cherehani pale habari za mnyoo huyu, aliuliza: "Mwalimu, minyoo si ni zile za tumbo? Sasa hizi za bahari zinasumbua nani?"

Swali lake lilifichua pengo. Katika Kiswahili, neno "mnyoo" limefungwa na ugonjwa na vidonge, ilhali nematodi hawa huishi huru matopeni na hawamdhuru mtu. Si suala la msamiati tu. Siku sakafu ya bahari yetu itakapochimbwa, kitakachotajwa katika hesabu ya hasara ni kile chenye jina. Kisicho na jina hupotea bila kuulizwa.

Kigiriki kimeshamwita uzi. Nasi tumwite "uzibahari," wingi "nyuzibahari," tukimpa upatanisho wa viumbe hai: uzibahari huyu, nyuzibahari hawa. Mwenye neno bora zaidi, na alilete tulipime.