Kipande cha mkaa kinachotafutwa Igwisi

Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walipofika Tura walishukuru Mungu. Walikuwa wametoka Mgunda Mkali, pori kavu linalotenganisha Ugogo na Unyamwezi, na Tura ndipo vijiji na maji vilipoanza tena. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Kaze, Tabora ya leo. Nchi waliyoiona ndiyo anayoiona abiria wa reli ya kati: tambarare, miombo na mawe makubwa ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Nani angewaza volkano mahali kama hapa?

Lakini ipo. Fuata njia ile ile ya misafara, pita Tabora, nenda hadi nchi ya mtemi Mirambo. Huko, maeneo ya Urambo na Kaliua, kuna vilima vitatu vifupi viitwavyo Igwisi. Ni volkano za kimberliti, mwamba wa aina ile ile uliobeba almasi za Mwadui, nazo ndizo changa kuliko volkano zote za kimberliti zinazojulikana duniani. Ukivunja jiwe la lava yake unakuta punje za olivini, za kijani na zilizoviringika, zilizopandishwa na uji wa moto kutoka chini sana ya ardhi.

Zililipuka lini? Mwaka 2012 watafiti walitangaza jibu walilolipata kwa kupima heli inayojengeka ndani ya olivini pale miale ya angani inapolipiga jiwe lililo wazi: miaka kama 12,400 iliyopita, ikiweza kuzidi au kupungua kwa miaka 4,800. Yaani kati ya miaka 17,200 na 7,600 hivi. Kwangu mimi pengo hilo ni kubwa mno kuachwa lilivyo, kwa sababu ndani yake hali ya nchi yetu iligeuka kabisa. Mwanzoni mwake Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Baadaye mvua zikarudi, likajaa upya. Kama kulikuwa na wawindaji waliouona moto wa Igwisi, waliuona wakiwa katika nchi ya ukame au ya neema? Olivini haijaweza kutuambia.

Mti ungeweza. Mti ulio hai hupokea kaboni ya hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni kaboni-14, yenye mnururisho. Ukifa haupokei tena, na kila baada ya miaka 5,730 nusu ya kaboni-14 iliyobaki huwa imetoweka. Willard Libby wa Chicago aliionyesha njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Basi majivu ya volkano yakifukia mti na kuuunguza, mkaa wake unaitunza tarehe ya mlipuko. Kwa umri wa Igwisi, sampuli nzuri inaweza kupunguza shaka ya maelfu ya miaka hadi mia moja au mia mbili. Kusini mwa nchi, kaboni ya mabaki ya mimea imesaidia kuuweka mlipuko mkubwa wa volkano ya Rungwe kwenye miaka 4,000 hivi iliyopita. Na huko Changbaishan, mpakani mwa China na Korea Kaskazini, mti mmoja uliofukiwa uliwapa watafiti mwaka wenyewe: 946.

Si kila mkaa unafaa, na hapa pana ugumu wa kweli. Miombo huungua karibu kila mwaka, na mchwa na mizizi hushusha mkaa wa juzi hadi kwenye tabaka la kale. Kigogo kinene nacho hudanganya, kwa kuwa kiini chake kiliacha kupokea kaboni mapema, pengine karne nzima kabla ya mti wenyewe kufa. Kinachotakiwa ni kijiti chembamba, au ganda la nje, kilichonaswa ndani ya majivu yenyewe au chini yake kabisa, pasipo shimo la mchwa wala mzizi.

Wanaochimba ardhi kila siku ni wachimba visima, wakulima wa tumbaku na wanaojenga mabani ya kuikaushia, wala si maprofesa. Ningependa kila mmoja wao anayeishi karibu na Igwisi alijue hili. Ukikuta mkaa chini ya tabaka la majivu yaliyogandamana, usiuchomoe, usiushike kwa mkono wala usiufunge kwenye gazeti. Piga picha ukuta wa shimo, pima kina, kisha toa taarifa kwa ofisi ya kijiji ili iifikishe kwa wanajiolojia wa Dodoma au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mashine za leo zinatosheka na kaboni isiyozidi miligramu moja.