Mbwa, joto na kokoa: kabla ya kwenda kupiga kambi Matema

Ukikata kona Uyole kuelekea Kyela, barabara hukupandisha kwanza kwenye baridi ya Rungwe, ikakupitisha Tukuyu kwenye migomba na chai, kisha ikakushusha zaidi ya mita 1,000 hadi tambarare ya Ziwa Nyasa. Wewe utavua sweta na kufungua kioo. Mbwa aliye kiti cha nyuma hana la kuvua. Ndiyo maana wanaotaka kumchukua mbwa wakalale naye kwenye hema Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, huwa ninawaambia kwamba safari hii haipangwi kwa kilometa, inapangwa kwa joto.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Tezi alizonazo nyayoni hazitoshi kumpoza. Hujipoza kwa kutweta, maji ya ulimini na kwenye njia ya hewa yakigeuka mvuke na kuondoka na joto. Hewa ikiwa imejaa unyevu, mvuke hautoki vizuri, naye atatweta bila nafuu. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, na hewa yake ni nzito hata siku isiyo na mawingu. Mbwa aliyekimbia vizuri asubuhi Mbeya anaweza kuanguka mchana Ipinda, njiani kuelekea Matema. Wenye pua fupi, wanene na wazee ndio wa kwanza.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Usizimalize kwa siku moja. Siku ya kwanza ishia Iringa au Mafinga, ya pili Tukuyu, ya tatu teremka alfajiri ili jua likipanda uwe umeshapiga hema chini ya mti. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi funga vioo na usimshushe mbwa hata kidogo. Sheria za hifadhi ni sababu moja. Nyingine ni mbung'o, ambao huweza kumwachia mbwa vimelea vya nagana. Kwa mbwa ugonjwa huo ni mkali: homa, uso kuvimba, macho kuingia ukungu wa kibuluu. Ukiona dalili hizo wiki chache baada ya safari, mwambie daktari kwamba mlipita Mikumi, maana bila taarifa hiyo anaweza kuhangaika na magonjwa ya kupe peke yake. Mkishapita Mikumi, kabla ya kupanda kona za mlima Kitonga asiwe ametoka kula, asije akatapika.

Na kila mnaposimama kula, abaki mtu na mbwa nje kivulini. Gari lililoegeshwa juani huongezeka joto kwa nyuzi 20 hivi ndani ya saa moja, nyingi kati ya hizo katika nusu saa ya mwanzo, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mate yakiwa mazito, ufizi mwekundu sana, miguu ikiyumba, usisubiri. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha tafuta daktari hata kama ameinuka.

Jambo ambalo wageni wa Kyela hawalifikirii kabisa ni kokoa. Wilaya hii ndiyo kitovu cha zao hilo nchini, na mbegu huanikwa karibu na nyumba, mahali ambapo mbwa aliyefunguliwa hufika kabla hujamwita. Mbegu kavu za kokoa zina theobromini, kemikali ileile inayofanya chokoleti kuwa sumu kwa mbwa, ila kwenye mbegu imo kwa wingi zaidi kuliko kwenye chokoleti ya maziwa. Mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Mbwa wa kilo 10 akila gramu 20 tu, kiasi cha kiganja kisichojaa, anaweza kuanza kutapika na kuhangaika. Akila zaidi, moyo huenda mbio, misuli hutetemeka, degedege hufuata. Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa, hivyo utulivu wake jioni si ushahidi kwamba amepona. Hakuna dawa ya kuiua sumu hiyo. Daktari akimpata mapema humtapisha na kumpa mkaa wa dawa, ambao si mkaa wa jikoni. Wewe usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe huua.

Kwa hiyo kamba isitoke mkononi, hata ufukweni. Dagaa walioanikwa ni mtaji wa mtu, na mbwa mmoja huweza kuharibu kazi ya usiku mzima wa wavuvi. Midomo ya mito, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ni makazi ya mamba; hapo mbwa asikaribie maji, hasa giza likiingia. Mvua kubwa za Machi hadi Mei hujaza mito na majaruba, na madimbwi yenye mkojo wa panya huweza kumpa ugonjwa wa leptospirosi. Mimi ningechagua Juni hadi Septemba, nikijua kwamba miezi hiyo upepo wa kusini huleta mawimbi makubwa upande huu wa ziwa na kuogelea kunaweza kushindikana.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ichomwe angalau mwezi mmoja kabla, na cheti kiwe ndani ya gari pamoja na kibali cha kumsafirisha kutoka kwa daktari wa mifugo wa halmashauri yako. Mkipiga kambi kijijini, mwoneni mwenyekiti kwanza mseme mna mbwa; watoto wengi watakuja kumtazama, na wengine wanamwogopa. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa wako amechanjwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, tafuta namba ya daktari wa mifugo wa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, umpigie ukiwa Tukuyu, umweleze mtakuwa wapi na kwa siku ngapi. Usiku, mbwa akianza kutetemeka hemani, huo si wakati wa kuanza kuulizia namba hiyo.