Vijitabu Vyembamba vya Chama cha Historia

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, lakini mwalimu wa historia aliingia darasani na vitabu vilevile vya wapelelezi na magavana. Chama cha Historia cha Tanzania, kilichokuwa na mizizi yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilijaribu kuziba pengo hilo kwa vijitabu vyembamba vilivyochapwa na East African Publishing House ya Nairobi.

Wembamba huo usimdanganye mtu. Mwaka 1967 mwanahistoria Walter Rodney aliandika humo kuhusu Afrika Magharibi na biashara ya utumwa ya Atlantiki, miaka mitano kabla ya kitabu kilichompa jina duniani. G.C.K. Gwassa na John Iliffe nao walikusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, maneno ya wazee yakiwekwa bega kwa bega na nyaraka za Wajerumani.

Kinachosisimua zaidi, pengine, ni kijitabu cha Isaria Kimambo cha mwaka 1971 kuhusu mbiru. Hii ilikuwa kodi ya Upare, iliyopanda kulingana na mali ya mtu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani, wakapiga kambi Same, makao ya wilaya. Hawakugoma kulipa kodi. Walitaka kila mmoja atozwe kiwango kimoja, asiwepo wa kumhesabia mtu ng'ombe na migomba yake. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi, hukohuko Upare, nao waliinuka. Mwishowe serikali ikaifuta mbiru. Kimambo, mwenyewe Mpare, hakuishia kwenye mafaili ya ofisi. Aliijua jamii iliyobeba kisa hicho.

Mwaka 1969 chama kilitoa historia nzima ya Tanzania, wahariri wakiwa Kimambo na Arnold Temu. Ajabu ni kwamba Temu huyohuyo, pamoja na Bonaventure Swai, mwaka 1981 waliikosoa vikali historia ya namna hiyo: iliwashangilia mno viongozi wa kitaifa, ikawasahau wakulima na vibarua. Hoja yao ina uzito. Ila kijitabu cha mbiru kinaonyesha kwamba mkulima hakusahauliwa kila mahali.

Kasoro iliyo wazi zaidi ya vijitabu hivyo ni lugha: vingi viliandikwa kwa Kiingereza, na wazee waliosimulia hawakuweza kuvisoma. Idara za historia zianze hapo, zivitafsiri kwa Kiswahili, na cha kwanza kiwe hicho cha mbiru.