Kisumu, bandari iliyopitia Voi

Kila Desemba ikikaribia, swali hili hurudi miongoni mwetu Wataita tulio ughaibuni: watoto wamezaliwa huku ng'ambo, bibi yao wa Mwanda wameshamwona, tembo wa Tsavo wameshawaona, Mombasa wameogelea mpaka wakachoka. Likizo hii tuwapeleke wapi? Mimi hujibu Kisumu, na kila mara kuna anayeuliza kwa nini twende mbali hivyo ilhali maziwa ya Jipe na Chala yako kwetu.

Maziwa yetu nayapenda sana. Ila Kisumu ni mji wa bandari, na mizigo iliyoujenga ilipita chini ya vilima vyetu. Mtoto wa Taita akilijua hilo, ataitazama gati ya Kisumu kwa jicho lingine.

Meli ilianza safari kabla ya reli kufika. Mwaka 1895 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiendesha biashara Afrika Mashariki iliagiza meli ndogo ya mvuke kutoka Scotland, ikaitwa William Mackinnon. Ilisafirishwa vipandevipande hadi Mombasa. Kutoka hapo, vipande vilifuata njia ya misafara ya bara kupitia nyika ya Taru na Voi, na mahali reli ilipokuwa haijafika vilibebwa na wapagazi. Fikiria bamba la chuma kichwani mwa mtu, katika nyika ile isiyo na maji, na ziwa lenyewe likiwa bado mamia ya kilomita mbele. Meli iliwekwa majini mwaka 1900, na mwaka huohuo ikafanya safari yake ya kwanza hadi Entebbe. Wapagazi wale hawakuandikwa majina.

Reli nayo ilianza Mombasa mwaka 1896, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ufukweni mwa Ziwa Victoria. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Kituo cha mwisho kiliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Wakati huo eneo hilo lilikuwa bado ndani ya Uganda. Liliingizwa upande wa Kenya mwaka 1902. Kwa hiyo reli ya Uganda ilipofika Kisumu ilikuwa imefika Uganda kweli. Pamba na kahawa vilivuka ziwa kwa meli, vikapakiwa kwenye mabehewa Kisumu, vikateremka hadi Mombasa. Treni hizo zote zilipita Voi.

Kilichoanza kuizima bandari ni siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa kati ya nchi tatu. MV Victoria, iliyokuwa ikizunguka ziwa na abiria tangu miaka ya 1960, ikabaki Tanzania. Miaka ya 1990 gugumaji likafunika Ghuba ya Winam hata mashua zikashindwa kutoka. Uhai ulianza kurejea mwishoni mwa 2019, meli ya mabehewa MV Uhuru iliporudi kazini kubeba mafuta kwenda Port Bell, Uganda, na bandari yenyewe pia ikakarabatiwa.

Sasa, mgeni afanye nini? Anzia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ua kuna boma la Kijaluo, Ber-gi-dala, ambapo nyumba ya kila mke na simba, yaani kibanda cha mtoto wa kiume, zimepangwa kama desturi inavyotaka. Mtoto aliyelala kwa bibi Mwanda atauliza maswali mengi hapo. Hifadhi ya Impala ipo ufukweni, na watoto wadogo huifurahia. Kit Mikayi, majabali yaliyobebana kwenye barabara ya Bondo, inafaa siku yake peke yake.

Dunga, ufuo wa wavuvi, ndiko ningekaa zaidi. Fika asubuhi, wavuvi wanapotia nanga. Utaona ngege, yaani tilapia, wakipimwa na kubishaniwa bei, na dagaa wa omena wakianikwa juani. Mama muuzaji huchanja samaki ubavuni mara tatu au nne, kisu kikifika karibu na mfupa, akapaka chumvi, kisha anamtumbukiza mzima kwenye karai la mafuta yanayochemka. Mle kwa mkono, na ugali. Baadaye pandeni mashua mpite kando ya mafunjo mwaangalie ndege, lakini pataneni bei kabla ya kupanda, kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, na mrudi kabla ya upepo wa alasiri kuchafua maji. Nahodha akikwambia leo ziwa limechafuka, usimbembeleze.

Kutoka Mwanda mtashuka Wundanyi, Mwatate, hadi Voi, mpande treni mpya mpaka Nairobi. Baada ya hapo mabasi ni mengi. Ila kama treni ya abiria ya Kisumu ina safari wiki hiyo, kateni tiketi hiyo hata kama ni ya polepole. Inapita kwenye reli ileile ya zamani, na mkiketi upande wa dirisha mtaona Bonde la Ufa, kisha mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil, kabla ya ziwa kujitokeza.